Flashi Zote Zipite kwa Fundi

Kompyuta ya ofisi iligoma Jumapili, Mkuu wa shule alipoiwasha; Jumatatu walimu waliitwa kwenye chumba chao kabla ya chai, na hapo ndipo Katibu alipojiharibia kwa mdomo wake mwenyewe.

Kugoma kwenyewe kulikuwa kwa ajabu. Mashine iliwaka vizuri, feni ikavuma, picha ya maua ikatokea kama kila siku. Lakini kila faili Mkuu alilobofya lilikataa kufunguka. Alama za mitihani za madarasa yote, majina ya wanafunzi, barua za wazazi, vyote vilikuwa vimegeuzwa majina yasiyosomeka, na katikati ya kioo kulikaa tangazo la Kiingereza lililodai fedha za kigeni ili vitu virudishwe. Mtaalamu aliyetumwa na bodi ya shule aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. "Kirusi," alimwambia Mkuu. "Kimeingia kwa flashi. Hapa hakuna cha kuokoa, mama." Akafunga mkoba wake akaenda zake, na kweli, yeye alikuwa na haraka gani ya kukaa na msiba wa watu?

Mkuu wa shule alisimama mbele ya walimu wake, miwani mkononi. "Ijumaa mchana, nani alikuwa wa mwisho kwenye ile mashine?"

"Mimi," alijibu Mwalimu wa hesabu. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, wa mkataba, hajamaliza hata mwaka pale shuleni. "Niliingiza alama za darasa la mwisho."

"Flashi yako ilikaguliwa?"

"Ndiyo, Mkuu. Nilipita kwa Fundi kwanza."

Hiyo ilikuwa sheria ya shule, imebandikwa mlangoni mwa ofisi na kutiwa saini na Mkuu: flashi zote zipite kwa Fundi. Fundi alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi nje kidogo ya geti, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukimpa flashi aliichomeka, ile ngao ya kijani ya programu yake ya ulinzi ikazunguka kwenye kioo, ikaandika "Hakuna tishio", nawe ukaondoka na moyo mweupe. Sheria hiyo aliileta Katibu. Na Fundi alikuwa mume wa Katibu.

Mkuu alimgeukia. "Katibu, umemuuliza mwenzako?"

Alikuwa amemuuliza, kwa simu, asubuhi ile ile. Fundi alijibu haraka: "Mwalimu wa hesabu? Sijamtia machoni wiki nzima."

Basi Katibu akasimama. Alikuwa mwanamke wa kupenda mambo yanyooke, na asubuhi ile alikuwa na uchungu, maana zile alama alikuwa amezichapa kwa vidole vyake muhula baada ya muhula. "Mwalimu hakupita," alisema. "Mume wangu hajamwona. Na mashine ya kwetu ina ulinzi, hakuna hapa asiyejua. Mwalimu angesema tu ukweli, yakaisha."

"Dada Katibu," kijana alisema taratibu, "mimi nilipita."

"Labda ulipita ukaendelea na safari."

Walimu wakacheka. Siyo wote, ila waliocheka walitosha. Kijana akainamisha uso, na Katibu akaketi akiwa ameridhika kabisa na nafsi yake. Ndivyo ilivyokuwa, kwa nini tumpake rangi?

Mchana Mkuu alimwita. Iandikwe barua ya kumtaka Mwalimu wa hesabu ajieleze kwa nini asiachishwe kazi. Kwa kuwa mashine ya ofisi ilikuwa gogo tu, Katibu akaichape nyumbani, dukani kwa mumewe.

*

Dukani alimkuta mama mkwe peke yake, amekaa kwenye kigoda ubavuni mwa mashine ya kopi, mahali alipopapenda kwa sababu ya joto. Fundi alikuwa amekwenda kununua wino.

"Leo mapema," alisema mama mkwe. "Wamekufukuza?"

"Bado, mama."

"Wakikufukuza useme mapema, nianze kupunguza kula."

Katibu alicheka kidogo, akakaa, akaanza kuchapa. Mama mkwe, ambaye hakuna barua iliyochapwa pale bila yeye kujua inamhusu nani, akauliza ni ya nani. Akaambiwa.

"Yule mrefu? Kama mwanzi?"

"Huyo huyo."

"Ah! Kijana ana adabu yule. Ijumaa alipokuja hapa alinipa mkono kwa mikono miwili, akaniuliza mguu unaendeleaje. Wewe umeishi na mimi miaka yote hii, umewahi kuniuliza mguu?"

Vidole vya Katibu vilisimama juu ya herufi. "Ijumaa alikuja hapa?"

"Si ndiyo nakwambia? Akampa mwanangu kile kidude chenu, kikachomekwa, akarudishiwa, akaenda. Aliniaga pia."

"Mama, una hakika ni Ijumaa?"

"Siku niliyoulizwa mguu nitaisahau?"

Ili mikono isikae bure, Katibu akabonyeza pale panapoweka tarehe ya barua, na mashine ikaweka tarehe ya miaka minne nyuma. Hilo halikumshtua. Mashine ile ilikuwa hivyo siku zote. Mumewe alikwisha mwambia kwamba betri ndogo ya ndani inayotunza saa imekufa, na yeye alizoea kufuta tarehe na kuandika ya leo kwa mkono wake. Lakini sasa hakufuta. Alikwenda kwenye pembe ya kioo, kwenye saa yenyewe, akaisogeza mpaka leo.

Ngao ya kijani ikageuka nyekundu. Dirisha likaruka likafunika barua nzima: Kompyuta yako haina ulinzi. Toleo hili limesitishwa. Halipokei tena masasisho.

Akalifunga. Likarudi. Akarudisha tarehe nyuma miaka minne, na ngao ikawa kijani, imetulia, hakuna tishio. Akaleta leo, ikawa nyekundu. Akajaribu tena, na tena.

"Unacheza?" aliuliza mama mkwe.

"Hapana, mama. Nasoma."

*

Fundi aliingia akipiga mluzi, boksi la wino kwapani. Mluzi ulikatika mlangoni, alipokiona kioo.

"Nani kagusa saa?" alisema.

Lo! Mtu mwingine angeuliza kompyuta imepatwa na nini. Katibu aligeuka na kiti. "Mimi nimegusa. Kumbe betri ni nzima."

Fundi aliweka boksi chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba limejaa mayai. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayependwa na wateja, na sasa uso wake mnene haukujua ukae vipi. "Kampuni ndiyo iliyoacha," alisema. "Siyo mimi. Waliniambia toleo hili basi, nichukue jipya, na hilo jipya linataka kompyuta mpya. Ningeitoa wapi? Lile dirisha jekundu likawa linaruka wateja wamesimama hapo hapo. Mtu kaleta vyeti vyake vya shule, dirisha linamwambia mashine haina ulinzi. Wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa yule mwingine. Siku moja nikairudisha tarehe nyuma, nijaribu tu. Likanyamaza. Likiamka, narudisha tena."

"Likanyamaza miaka minne."

"Lilikuwa bado linakagua, mke wangu! Unaliona linazunguka."

"Linakagua nini? Virusi vya miaka minne iliyopita? Hivi vya juzi litavijulia wapi?"

Fundi alichukua kitambaa akaanza kufuta meza.

"Watu hawakurudi kulalamika?"

"Mwenye duka la dawa alirudi. Nikamwambia flashi yake ni feki."

"Na kirusi kimo humu?"

"Kimo. Nimekiona jana, uliponipigia simu nikatafuta." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hapa hakifanyi kitu. Mashine imezeeka mno, hata kirusi kimeidharau. Kinapanda tu kwenye flashi za watu, kinashukia mbele ya safari."

Angekuwa mtu mwingine anasimulia, Katibu angecheka. "Jana? Nilikupigia leo asubuhi."

Hapo Fundi alifumba macho. Kumbe alikuwa amesikia habari tangu Jumapili jioni, kutoka kwa mlinzi wa shule, akakesha akiipekua mashine. Simu ya asubuhi ilimkuta ameshaandaa jibu.

"Kwa hiyo Mwalimu ulimwona," alisema Katibu.

"Niliogopa. Ukaniuliza kwa ile sauti yako ya ofisini, nikaogopa zaidi."

"Ukanituma mimi nikamwite mwenzangu mwongo. Wakacheka! Nimewafanya watu wakamcheka, na ukweli ulikuwa kwake." Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu iliyokuwa yake mwenyewe. Maana tarehe ile aliiona kila siku. Betri ya saa inauzwa kwa fedha ya mkate. Kwa nini hakuwahi kusema, inunue tuibadilishe? Hakusema kwa sababu mahali fulani moyoni hakutaka kujibiwa.

Mama mkwe alikohoa. "Jambo limeshatokea. Kijana hana mke, hana mtoto, atapata kwingine. Nyinyi mvuane nguo hadharani kwa ajili ya mtu baki?"

"Mama, si huyu huyu aliyekuuliza mguu?"

"Nimesema ana adabu. Sikusema anatulisha."

Fundi alivuta kigoda kingine, akakaa mbele ya mkewe, magoti yao yakagusana. "Ukisema, hakuna atakayeleta hapa hata karatasi moja. Na wewe kule watakutoa. Tutakuwa watu wa kunyooshewa vidole. Nakuomba. Niache niifute hii mashine kimyakimya, nianze upya, sitarudia." Alikuwa analia, na Katibu hakuwa amemwona analia tangu walipomzika baba yake. Alimhurumia mno. Alitaka hata kumfuta machozi. Badala yake aliizima kompyuta, barua ikiwa imeishia kwenye jina la mtu.

*

"Barua iko wapi?" aliuliza Mkuu asubuhi.

"Sikuiandika, Mkuu." Akaeleza yote, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

Mkuu aliinuka akaufunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu na mama mkwe."

"Basi libaki hapo." Akakaa, akaipangusa miwani kwa ncha ya kitenge chake. "Nisikilize, mwanangu. Ile sheria mlangoni ina saini yangu. Bodi wataniuliza kwa nini kazi za shule zinapitia kwenye duka la kopi la mume wa mtumishi wangu. Nina mwaka mmoja nistaafu. Yule kijana mkataba wake ni mfupi. Nitamwandikia barua nzuri sana, yenye kumsifu, aondoke bila makelele. Wewe unabaki kazini. Nani ameumia?"

"Kwa hiyo tunamfukuza kwa sifa."

"Usinifundishe kazi, Katibu."

"Samahani, Mkuu. Lakini nilisema mbele za watu. Siwezi kulirudisha kwenye chumba kilichofungwa." Akashika kitasa cha mlango. "Ukinizuia sasa, nitasema getini wakitoka."

Mkuu alivaa miwani yake. Kisha akasema, kwa uchovu zaidi kuliko hasira, "Haya. Mdomo ni wako."

*

Wakati wa chai Mwalimu wa hesabu alikuwa amekaa mwisho wa meza, viti vya pande zake zote vitupu. Katibu hakungoja watulie. Alisema tu, mwanzo hadi mwisho: kwamba Mwalimu alipita, kwamba mumewe alimwona, kwamba ile programu ilikwisha kuachwa na wenyewe na ikawa inadanganywa tarehe ili ionekane hai, kwamba kirusi kilitoka pale pale walipokuwa wakipeleka flashi zao zisafishwe. Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa amevaa flashi yake shingoni, aliivua polepole akaiweka mezani, akaisukuma mbali na kikombe chake.

"Lakini wewe hukujua," alisema Mkuu. Alimfungulia mlango, kila mtu aliuona umefunguliwa. "Mumeo alikuficha. Si ndiyo?"

Ingekuwa rahisi namna gani! Neno moja tu, tena robo tatu yake ni kweli.

"Tarehe niliiona," alisema Katibu. "Miaka yote niliiona, sikuuliza. Na jana nilimdhihaki mwenzangu hapa kabla sijaenda kutazama. Hilo halikufanywa na mume wangu."

Kama alitarajia kijana amshukuru, alikosea. Mwalimu wa hesabu alikuwa anatazama chai yake.

"Jana mama yangu alinipigia simu," alisema mwishowe. "Kuna mtu alishampelekea habari. Aliniuliza kama ni kweli nimeiba kompyuta ya shule. Nikamweleza ni mambo ya flashi. Hajui flashi ni kitu gani. Akaniambia, mwanangu, kama kuna kitu ulichukua, kirudishe tu, tutakula tulicho nacho." Akainua macho, mekundu. "Nilimwambia mara nyingi sikuchukua kitu. Akasema sawa, lakini nilimsikia hajaamini."

"Nitampigia," alisema Katibu.

"Sasa hivi. Hapa hapa, kama jana ulivyosema hapa hapa."

Akabonyeza simu yake akamkabidhi. Ikaita. Walimu wote walikuwa wanasikiliza, hata aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa ya kizee, ya mtu anayeshika simu mbali na sikio.

"Mimi ni karani wa shule anayofundisha mwanao. Mama, mwanao hakuiba. Hakuchukua kitu chochote. Mimi ndiye niliyesema vibaya juu yake, mbele za watu, na haikuwa kweli. Kosa lilitoka nyumbani kwangu."

Kuku alilia upande ule. "Nyumbani kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hakuna cha kurudisha?"

"Hakuna, mama."

"Haya," alisema yule mama, na akavuta pumzi ndefu iliyosikika chumba kizima. "Nilikuwa nimeshamuuza mbuzi. Asante kunipigia, mwanangu. Mungu akuweke."

Kutukanwa Katibu angekuweza. Hilo la asante lilimshinda. Alirudisha simu kwa mwenyewe, akakaa kwenye kiti kitupu kilichokuwa karibu, akalia mbele ya wote, bila hata kujifunika uso.

*

Funguo za ofisi alizikabidhi kabla ya mchana. Bodi ingekaa na kuamua; hadi hapo, Mkuu alisema, asiguse kitu. Akawa amekaa kwenye benchi la nje asijue arudi nyumbani kufanya nini, ndipo alipomwona Fundi anaingia getini, amevaa shati lake la harusi za watu, anatembea upesi upesi kama mtu anayeogopa kubadili mawazo njiani. Habari ilikwisha mfikia. Wanafunzi walimpisha.

"Nimekuja kufanya kazi," alimwambia Mkuu mlangoni. "Alama zote walimu wanazo kwenye madaftari yao. Nitazichapa upya, bure, hadi ziishe."

"Wewe?" alisema Mkuu. "Wewe hutagusa mashine yoyote katika shule hii. Hata swichi ya taa usiiguse." Akafikiri kidogo. Akafungua kabati, akatoa rimu ya karatasi na kalamu ya wino. "Utaandika."

Fundi alikuwa hajaandika zaidi ya saini kwa miaka mingi. Aliketi kwenye dawati la wanafunzi lililowekwa barazani, tumbo likagusa ubao, wanafunzi wakichungulia madirishani na kumcheka. Katibu alitoka benchini bila kuombwa na mtu, akachukua rula, akakaa kando yake akaanza kumpigia mistari. Mwalimu wa hesabu alikuja wa kwanza na daftari lake, akasimama juu yao. Hakumsalimia Fundi, na Fundi hakuthubutu kumsalimia.

"Sabini na moja," alisoma kijana. "Hamsini na tisa. Arobaini na saba."

Kalamu ilifuata, nzito, ikitoboa karatasi. Jasho likamdondoka Fundi juu ya jina la mtoto wa mtu, akalipangusa, wino ukatapakaa.

Kijana aliinama, akaweka kidole juu ya karatasi. "Hiyo ni moja au saba?"

"Saba, Mwalimu."

"Haionekani saba. Anza ukurasa upya."

Fundi alimtazama mkewe. Katibu alikuwa amekwisha kumsogezea karatasi nyingine, yenye mistari.